Ndoo Iliyotazama Kaburi

Kwanza ilikuwa sauti. Mkwaruzo wa plastiki juu ya mbao, mfupi, kisha kimya, kisha mwingine mrefu kidogo, kama mtu anayefunua mtungi bila kutaka wenye nyumba wajue. Nilikuwa bado kitandani na madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa, chumba cheusi ingawa jogoo alikuwa ameshachoka kuwika. Nikasikiliza. Kuku wa shangazi walikuwa wakiparuza uani, ndiyo, lakini kuku hawaparuzi kitu kilicho juu kuliko kichwa cha mtu.

Nilipotoka nje hapakuwa na mtu. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio imelala sambamba kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mlingoti wangu, na juu ya mistari ile hapakuwa na unyayo hata mmoja. Hilo ndilo lililonishtua. Aliyefagia alikuwa amerudi kinyumenyume, akifuta kila alipokanyaga.

Juu ya mlingoti ilikaa ndoo nyeupe ya rangi ya ukutani, imefudikizwa, na ubavuni ilikuwa na picha ya nyumba ya manjano na familia inayocheka mbele yake. Ndani ya ndoo hiyo niliihifadhi rauta yangu, kifaa cha kuvuta intaneti, isipigwe na mvua wala jua. Jana yake jioni niliiacha familia ile ikitazama magharibi, kwenye kilima chenye mnara wa simu. Sasa ilikuwa inatazama mashariki, inaichekea Kenya.

Ningecheka nayo kama nisingekuwa nimeshapoteza masomo mawili.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao. Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, watu wanane walioko mbali walifungua kompyuta zao wakanisubiri niwaamkie. Malipo yalitosha kutulisha mimi na shangazi, na saa mbili za kufundisha ziliniachia alasiri nzima ya kuandika riwaya yangu. Msimamizi wa shule hiyo, ambaye sikuwahi kumwona zaidi ya kichwa na mabega, alikuwa ameniandikia baada ya somo la pili kukatika katikati: likikatika la tatu, darasa atapewa mwalimu mwingine. Sentensi moja, hata salamu hakuna. Bila darasa lile ningerudi Nairobi, kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa baba, na riwaya ingerudi sandukuni nilikoitoa.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya bibi yangu, mama yake baba, upande wa Uganda, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Tiira, mahali ambapo barabara ya vumbi huchoka kuwa barabara ikawa kijia cha shamba la mihogo. Bibi alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane, ndiye aliyebaki na kuku, mihogo na kaburi. Umeme haujafika huko. Tulikuwa na sola ya paneli moja na betri moja nzito, iliyolala chini ya meza ya sebuleni kama mbwa mzee.

Rauta alininunulia baba. Siku ya kuondoka alinipa ikiwa bado ndani ya boksi lake, akasema, "Ukishaifunga, nitumie picha. Za kila upande. Nataka nione umeifunga vizuri." Baba hajawahi kuniuliza riwaya yangu inahusu nini. Nikaona kuniuliza juu ya rauta ni njia yake ya kuniuliza juu ya riwaya, nikafurahi njia nzima hadi mpakani.

Siku ya kwanza haikushika kitu. Nikaenda Busia mjini kwa fundi mmoja mwenye kibanda hatua chache kutoka kwenye lango la forodha, anakouza laini za nchi zote mbili kutoka kwenye mikebe miwili, na ole wake anayeichanganya.

"Nyumba yako ni ya mabati?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Dada, mabati ni ukuta. Unaficha simu ndani ya sufuria halafu unalia haisikii. Itoe nje. Ipandishe juu. Halafu usikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo mnapokosea ninyi watu wa mpakani." Akashika rauta, akaigeuza kama mtu anayeangalia kisigino cha kiatu. "Hii ni ya bei rahisi, haina akili ya kuchagua. Umeweka laini ya Uganda. Ikiona mnara wa Kenya una nguvu zaidi, itakimbilia kule, na bando lako kule ni karatasi. Kwa hiyo ni wewe uichagulie. Tembea na simu uwanja mzima, usome namba. Hasi mia na kitu, hapo hapafai. Hasi tisini na kitu, hapo pana uhai. Ukipata, weka alama. Kisha kila siku geuza kidogo, andika, geuza kidogo, andika."

Ndivyo nilivyofanya. Kwa muda wa wiki moja nilitembea uwanjani asubuhi na jioni nimeinua simu mbele ya uso, polepole, nikisimama, nikirudi hatua moja. Kila penye namba nzuri nilichomeka kijiti, na kila kijiti nikakifunga kitambaa chekundu nilichochana kutoka kwenye gauni langu kuukuu, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nacho. Namba niliziandika kwenye daftari: hasi mia na nane, karibu na jiko. Hasi tisini na saba, penye mparachichi. Hasi tisini na moja, karibu na kaburi la bibi. Mlingoti ukasimama hatua chache kutoka hapo. Nikampigia picha baba: mlingoti, ndoo, vijiti, ukurasa wa daftari, na picha moja ya uwanja mzima, jua likizama.

Shangazi alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni, mikono ikiwa na unga. Jioni alikuwa akiuliza, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Na leo imesema nini?"

Nami nikijibu bila kufikiri, "Leo ni nzuri, shangazi. Nguvu yote iko upande wa kaburi."

Yeye alikuwa haongezi neno. Alikuwa anarudi ndani kupakua chakula, na mimi niliona uzito wa kimya chake lakini nikaubeba kama uzito wa upweke wa mjane.

Baada ya mkwaruzo wa asubuhi ile nikaanza kukiona kimya chake kwa jicho jingine. Nilirudi nyuma kichwani, nikahesabu. Vijiti vilikuwa tisa, sasa saba. Yeye ndiye anayeamka kwanza. Yeye ndiye mwenye ufagio. Na kulikuwa na lile jambo la neno la siri. Wiki iliyotangulia alinijia na simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni aliyopewa na binti yake anayeishi Tororo, akaniomba nimwingizie waifai ili waonane kwa video. Nilimwambia haiwezekani, ni siri ya kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa bando. Nilimwona akiirudisha simu ndani ya mkunjo wa gomesi yake, lile vazi refu la mshipi mpana, nikaambiwa tu, "Haya, mwalimu." Hajawahi kuniita mwalimu kabla ya hapo.

Basi ni kisasi, nikasema moyoni. Amenyimwa, na yeye ananinyima.

Jioni hiyo nilichukua kipande cha mkaa nikachora mstari mmoja ulioanza kwenye ndoo ukateremka hadi kwenye mti wa mlingoti. Asubuhi mistari ilikuwa miwili, iliyoachana kwa upana wa kiganja. Niliirudisha ndoo mahali pake kabla ya somo, nikafundisha nikitabasamu, na wakati wanafunzi wanasoma kwa sauti, masikio yangu yalikuwa nje, yakifuata kandambili za shangazi kutoka jikoni hadi kisimani na kurudi. Chai aliyonipa siku hiyo niliinusa kabla ya kunywa. Naandika hili kwa aibu, lakini niliinusa.

Kesho yake niliamka kabla yake. Nilijibanza jikoni nyuma ya mlango, kwenye harufu ya majivu, nikaacha upenyo. Kulipoanza kupambazuka alitoka. Hakwenda kwenye mlingoti moja kwa moja. Alikwenda kwanza kaburini, akasimama, akatoa kitambaa kichwani, midomo ikisogea. Kisha akachukua upondo wa kuangulia maparachichi, akaupenyeza kwenye mshikio wa ndoo, akavuta. Krrr. Akapumzika. Krrr.

"Shangazi."

Hakushtuka. Aliushusha upondo taratibu akauegemea kama fimbo.

"Leo umeamka mapema," akasema.

"Kwa nini unaigeuza?"

"Na wewe kwa nini unaigeuzia mama yangu?"

Sikuelewa. Akanyoosha kidole kutoka kwenye ndoo hadi kaburini, na kutoka kaburini hadi kilimani, na kwa mara ya kwanza nikaona alichokuwa akikiona kila siku: mlingoti, kaburi na mnara vilikuwa kwenye mstari mmoja, kama vimepigwa kamba.

"Hii kitu yako inaangalia kaburi," akasema. Kiswahili chake ni cha sokoni mpakani, na Kisamia changu, lugha ya nyumbani kwao, kimevunjika, kwa hiyo tuligombana kwa alichokuwa nacho yeye. "Tangu umefika inaangalia kaburi. Asubuhi inaangalia, jioni inaangalia. Mimi mtoto wake mwenyewe siangalii namna hiyo."

"Shangazi, ile inatafuta mnara. Ni intaneti tu."

"Intaneti." Akatema mate pembeni. "Na vijiti? Hapa mtu akifunga kijiti kitambaa nyekundu anasema nini? Anasema, hapa nimeona, wewe mwingine usisogee. Enda Tiira uone. Mashimo yote iko na kitambaa."

Nilikuwa nimepita Tiira mara kumi. Niliyaona mashimo ya dhahabu, vifusi vya udongo, wanawake wakipembua matope kwenye makarai. Vitambaa sikuviona.

"Siku ya mazishi wewe ulikuja na kurudi," akaendelea. "Hukuona. Kaburi inachimbwa na nani? Vijana wa kijiji. Na vijana wetu wote kazi yao ni gani? Ni mashimo. Walianza vizuri, kelele, matusi, chai. Walipofika urefu wa kiuno, wakanyamaza. Umesikia wapi vijana wanachimba kaburi wananyamaza? Nikasogea. Jiwe nyeupe, na kutu ndani yake, ile jiwe ya dhahabu. Mmoja akainama kama anafunga kiatu, akatia kipande mfukoni. Alikuwa hana kiatu."

Alipofika hapo alicheka kidogo, bila furaha.

Kwa kawaida kaburi huachwa udongo utulie, mwaka hata zaidi, ndipo lijengewe. Shangazi aliita waashi siku ya tatu. Alimwaga saruji juu ya udongo mbichi ili usiku mmoja asije akaamka akamkuta mama yake ameondolewa na wachimbaji. Watu walimsema kwamba ana haraka ya kumsahau marehemu, na yeye akawaacha waseme. Udongo ulipoanza kushuka, saruji ikapasuka, ufa mrefu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na baba yako," akasema. "Yule alikuwa hapigi simu hata Krismasi. Saa hii anapiga. Dada, saruji inaenda chini kiasi gani? Dada, hiyo ufa ni kubwa? Halafu anakuja wewe na kitu juu ya mti."

"Anakujali, shangazi. Anauliza ufa kwa sababu anataka kuuziba."

"Nani alimwambia iko ufa?"

Nilimjua aliyemwambia. Ufa ulikuwa kwenye ile picha ya uwanja mzima niliyomtumia baba, jua likizama, na mwanga wa jua la jioni huonyesha kila mpasuko.

Hatukupatana siku ile. Tulichofikia ni masharti. Ndoo ingetazama kilima, lakini saa za somo tu, na yeye angekuwepo. Kwa hiyo kila siku saa tatu kasoro, shangazi alibeba kigoda chake akakiweka kati ya mlingoti na kaburi, akakaa ameipa mgongo saruji na uso ameielekeza kwenye ndoo, akimenya mihogo bila kuitazama mihogo. Mtandao haukujali mwili wake. Masomo yalikwenda vizuri wiki nzima. Kupitia dirishani, juu ya vichwa vya wanafunzi wangu wanane, nilimwona akiikodolea macho ile familia inayocheka, na familia ikimkodolea yeye.

Nami nilianza kumkodolea baba. Alipopiga simu, nilisikiliza vilivyo kati ya maneno yake. "Ile rauta bado inasoma?" aliuliza. "Zile namba zimebadilika?" Nilimwambia namba ni zilezile. "Safi sana," akasema, kwa furaha iliyozidi kipimo cha rauta. Nilitaka kumuuliza. Sikumuuliza. Ni baba yangu.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu kasorobo, ilikuja pikipiki. Aliyeshuka alikuwa mtu wa makamo, kofia ya soka, viatu vya mpira vyenye matope makavu, na mkoba mdogo aliouvaa kifuani badala ya mgongoni. Akapiga hodi kwa adabu. Shangazi alikuwa ameshainua kigoda chake aende zamuni. Akakiweka chini, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamkaribisha sebuleni, nilikokuwa nimeshafungua kompyuta, akammiminia chai.

"Shikamoo mama," akasema mgeni. "Mimi ni mtu wa kununua. Nimetoka ng'ambo ya mpaka asubuhi hii."

"Marahaba. Kununua nini? Mihogo bado."

Mgeni akacheka. "Mama una utani. Mzee wa Nairobi ameniambia mmeshapima. Nikaona nisitoe neno kabla sijafika kwa miguu yangu."

Shangazi akabaki ameshika birika. "Mzee gani?"

Mgeni akatoa simu, akaitelezesha kidole, akampa. Sikuhitaji kusogea ili nione. Niliutambua mwanga wa jua linalozama.

"Ila swali moja," mgeni akanigeukia mimi, sauti ya mtu wa kazi akimwuliza mwenzake wa kazi. "Wewe ndiye dada mwenye mashine, sivyo? Hizi namba ulizoandika. Hasi tisini na moja hapa penye kaburi. Hasi maana yake chini, hilo nimeelewa. Ni mita ama futi?"

Saa ya kompyuta ilionyesha zimebaki dakika tisa somo lianze.

Shangazi alirudisha ile simu bila kuniangalia. Aliweka birika mezani, taratibu, akatoka. Nilipomfikia uani alikuwa ameshashika upondo, hakuupenyeza kwenye mshikio safari hii, aliuinua kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuangusha mzinga.

"Shangazi, usiiangushe."

"Uliniambia ni intaneti."

"Ni intaneti."

"Na picha ya kaburi ya mama yangu kwa simu ya huyu mtu, hiyo pia ni intaneti?"

"Nilimtumia baba. Aliniomba. Sikujua anampelekea nani."

"Hukujua," akasema. Alilitamka kama mtu anayerudishiwa noti akaiinua juani.

Mgeni alikuwa ametufuata na kikombe mkononi. "Mama, tafadhali, mashine ya watu hiyo. Hiyo ni kitu ya bei."

Ndipo nikaona la kufanya, na lilikuwa dogo sana hata nikaona aibu kwamba sikulifanya siku ya kwanza.

"Mzee, washa waifai ya simu yako."

Akarudi nyuma hatua moja. Mkono wake ukaenda kwenye mkoba. "Kwa nini? Unitolee namba zangu za wateja? Dada, simu hii ndiyo duka langu."

"Huku simu yako ina mtandao?"

"Hakuna. Tangu niiache lami hakuna."

"Basi washa. Ukipata ujumbe wako, utajua mashine hii inachimba nini."

Alinitazama, akamtazama shangazi aliyekuwa bado ameinua upondo, akaitazama ndoo. Nadhani ni ile familia inayocheka iliyomshawishi. Akawasha. "Inataka pasiwedi," akasema.

Nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti, na yeye akibonyeza kwa kidole kimoja. Nilipofika herufi ya nne shangazi alishusha upondo. Nilipomaliza alikuwa ameugeuza uso wote kwangu. Lilikuwa jina la mama yake. Si lile la ubatizo walilolichora kwenye saruji. Lile la utotoni, ambalo sasa tulilijua sisi wachache tu. Nililichagua usiku wa kwanza kwa sababu ndilo jina ambalo nisingelisahau. Nililomnyima shangazi, binti wa mwenye jina, kama siri ya kazi, nimempa mtu aliyekuja kununua kaburi.

Simu ya mgeni ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Kisha ikashikwa na homa kabisa, ting, ting, ting, ujumbe wa asubuhi nzima ukimwagika mara moja, na kwa haraka ya kuunyamazisha akabonyeza pasipofaa, sauti ya mwanamke ikajaa uani: "Baba watoto, umekwenda na ufunguo wa stoo! Sisi tupike nini, huo mkoba wako?"

Hakuna aliyecheka. Mgeni alikuwa ameinua macho kwenye ndoo.

"Ni intaneti," akasema.

"Ni intaneti," nikasema.

"Basi mashine yenyewe mmeificha wapi?"

Sebuleni kompyuta ikaanza kulia. Saa tatu kamili. Nilikimbia. Nikajibu nikiwa bado nahema, na sura nane zikajitokeza moja baada ya nyingine, picha ikiwa na chenga kidogo kwa kuwa simu ya mgeni ilikuwa inakunywa kwenye kisima kilekile. Mgeni alinifuata hadi nyuma ya kiti changu, akainama, akichungulia kama anayetafuta mlango wa pili. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, mzee mstaafu mwenye nyusi nyeupe, ambaye huwa wa kwanza kila siku, aliona uso mpya, akakaa wima.

"Habari za asubuhi, bwana," akasema mzee yule polepole, akiziweka silabi kama mayai.

Mgeni akavua kofia. Sidhani alipanga kuivua. "Nzuri sana, mzee wangu. Za huko?"

"Za huku ni baridi. Kuna theluji."

"Pole sana, mzee."

"Asante. Wewe ni mwalimu mpya?"

Mgeni alibaki ameshika kofia kifuani, juu ya mkoba. Alitazama kompyuta, akatazama waya uliotoka kwenye betri ukapita dirishani hadi kwenye mlingoti, akaufuata kwa macho kwenda na kurudi. Niliona jinsi ilivyomwingia, kipande kwa kipande.

"Kwa hiyo hasi tisini na moja..." akaninong'oneza.

"Ni nguvu ya mtandao."

"Yule mzee wako wa Nairobi," akasema, bado kwa kunong'ona, kwa heshima ya theluji ya yule mwingine. "Yule mzee wako ameniamsha alfajiri nivuke mpaka kwa ajili ya ndoo ya rangi."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo. Sikujua tangu lini. Alipita kando yake, akaja mezani upande ambao kamera haifiki, akaingiza mkono kwenye mkunjo wa gomesi yake, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Aliiweka karibu na daftari langu, uso juu, tayari imewashwa, inasubiri. Kidole chake kiligonga kioo mara moja pale palipoandikwa pasiwedi, na aliponitazama, macho yake hayakuwa yameniamini bado. Yalikuwa yananipa kazi.

Nikaandika jina la mama yake.

"Mzee," nikamwambia yule mstaafu, "tusomee aya ya kwanza," na sauti yangu haikukatika.

"Umeona kwa macho yako," shangazi akamwambia mgeni. "Uwaambie na wenzako wa ng'ambo. Na ndugu yangu mwambie, hiyo ufa nitaziba mimi mwenyewe, na hakuna mtu atapiga picha."

"Mama, samahani. Mimi nilidanganywa."

"Sisi wote," akasema shangazi.

Kwetu mgeni husindikizwa, angalau hadi penye barabara, mkisimama mara mbili tatu njiani kuongeza neno. Shangazi alimfikisha kizingitini tu. Alingoja mguu wa pili utoke nje, akarudisha mlango nyuma yake, akasukuma komeo.